Majina ya kazi katika Kiingereza cha Kale na watu waliomo ndani yake

Ndugu Mwenyekiti, walimu walionifundisha na leo wamekaa hapa mbele, walimu wenzangu, wanafunzi wa historia na wa lugha, na nyote mliofika: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya maneno ya kale ya Kiingereza yanayotaja ufundi, kazi na shughuli za kila siku. Nimeitikia kwa moyo mkunjufu, maana ni jambo ninalolipenda na ambalo naona tumelipuuza. Historia ya Uingereza tunayoifundisha madarasani ni ya wafalme: nani alimpiga nani, wapi, mwaka gani. Aliyelima, aliyesokota nyuzi, aliyechemsha pombe, huyo hakuandikiwa kitabu. Lakini aliachiwa neno. Na neno hilo ukilisoma kwa subira utamkuta yumo, na utajua alifanya kazi kwa mikono au kwa miguu, alikuwa mwanamume au mwanamke, na pengine hata kama alikuwa huru au alikuwa mali ya mtu. Hilo ndilo nitakalolitetea leo.

Wengi wenu mnawajua wanasoka wa Uingereza kuliko wafalme wake, na mimi sioni ubaya wowote, basi tuanzie huko. Alan Shearer, aliyefunga mabao 260 katika Ligi Kuu, jina lake ni la mtu anayekata manyoya ya kondoo. Darren Fletcher aliyecheza Manchester United anabeba jina la fundi wa mishale. Kyle Walker aliyecheza Manchester City, jina lake lina kisa kirefu, nitalirudia baadaye. Ian Wright wa Arsenal ana jina linalotokana na neno la Kiingereza cha Kale *wyrhta*, yaani mtu anayetengeneza kitu kwa mikono yake. Wazazi wa Wright walitoka Jamaika, na majina ya Kiingereza kule Jamaika yalifika pamoja na mashamba ya miwa na utumwa, kwa hiyo hapo kuna kisa juu ya kisa. Tukitoka uwanjani, Margaret Thatcher alipata kwa mumewe jina la mtu anayeezeka nyumba kwa nyasi. Samuel Baker, yule aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, ni mwoka mikate. Na Smith, ambalo ni jina la ukoo lililoenea kuliko yote Uingereza na Marekani, ni mhunzi.

Majina haya yalianza kuganda kuwa ya ukoo kati ya karne ya 12 na ya 14. Kijiji kilikuwa na akina John wengi, na karani wa kodi alihitaji kumtofautisha huyu na yule. Akaandika John mhunzi, John mwokaji, John mtengeneza mapipa. Mtoto wa mwokaji akawa mshona viatu, lakini jina la baba likamng'ang'ania. Hivyo karani, aliyekuwa akitafuta fedha ya mfalme tu, akatuachia orodha ya kazi za nchi nzima.

Lakini mimi leo sitaki kukaa sana kwenye majina ya ukoo. Nataka twende nyuma zaidi, kabla ya Wanormani, watu waliosema Kifaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, tumsikilize mlimaji mmoja.

Karibu na mwaka 1000 aliishi mmonaki aitwaye Ælfric, mwalimu katika monasteri ya Cerne kusini mwa Uingereza. Alikuwa na wavulana wa kufundisha Kilatini, na kama mwalimu yeyote mwenye akili alijua kwamba kanuni za sarufi peke yake haziwafungui watoto vinywa. Akawatungia mazungumzo. Mvulana mmoja anajifanya mlimaji, mwingine mchungaji, mwingine mvuvi, mwindaji, mtega ndege, mfanyabiashara, mshona viatu, mtengeneza chumvi, mwokaji, mpishi. Mwalimu anauliza, wao wanajibu kwa Kilatini. Baadaye mtu fulani akachukua nakala moja na kuandika juu ya kila neno la Kilatini neno la Kiingereza cha siku zile. Nakala hiyo ipo mpaka leo katika Maktaba ya Uingereza mjini London, na kwa ajili yake tunajua watu wa kawaida wa miaka elfu moja iliyopita waliitaje kazi zao.

Mwalimu anamwuliza mlimaji anafanyaje kazi yake. Anajibu, na nasimulia kwa maneno yangu: Ee bwana wangu, nafanya kazi mno. Natoka alfajiri nikiwaswaga maksai hadi shambani na kuwafunga kwenye plau. Hakuna baridi kali kiasi cha kunifanya nithubutu kujificha nyumbani, kwa jinsi ninavyomwogopa bwana wangu. Wakishafungwa, na chuma cha plau kikishakazwa, sharti kila siku nilime ekari nzima au zaidi.

Mwalimu anamwuliza kama ana mwenzake. Anasema ninaye kijana anayewaswaga maksai kwa mchokoo, na sasa sauti imemkauka kwa baridi na kwa kupiga kelele. Je, kuna kazi nyingine kwa siku? Ipo. Kuwajazia ng'ombe majani horini, kuwanywesha, kutoa samadi nje. Mwalimu anasema, hakika hiyo ni kazi kubwa. Naye anajibu: ndiyo, ni kazi kubwa, kwa sababu mimi si mtu huru.

Naomba mkumbuke kuwa haya ni mazoezi ya darasani. Ælfric hakuwa anaandika malalamiko ya watumwa. Alitaka wavulana wajue vitenzi vya Kilatini. Lakini alipotafuta mlimaji wa kuweka kwenye mchezo wake, mlimaji aliyemjia akilini alikuwa mtumwa, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa katika mashamba mengi. Karne hiyohiyo ilipokaribia mwisho, mwaka 1086, mfalme William, yule Mnormani aliyeiteka Uingereza, aliandikisha mali ya ufalme wake, na katika watu walioandikwa humo karibu mmoja katika kila kumi alikuwa mtumwa. Kiingereza cha Kale kilikuwa na neno *wealh*, lililomaanisha mgeni, yaani yule mwenyeji wa kale wa kisiwa anayesema Kiwelshi, na lilelile likaja kumaanisha mtumwa. Sisi wa pwani hii, tulio na Bagamoyo na Mkunazini, hatuhitaji kuelezwa jinsi jina la kabila au la mahali linavyoweza kugeuka kuwa jina la hali ya mtu.

Na kuna kitu kingine katika maneno ya mlimaji huyo kinachotuhusu moja kwa moja. Aliposema ekari nzima, yule aliyeandika tafsiri aliweka *fulne æcer*. Hapo mwanzo neno hilo lilimaanisha shamba la kulima tu. Baadaye likawa kipimo cha ardhi inayoweza kulimwa na jozi ya maksai kwa siku moja. Waingereza walikuja nalo huku, tukalipokea, tukalitamka kwa namna yetu: ekari. Mtu anayenunua shamba Kilosa au Kitale leo, mwenye hati na ramani, anapima kwa siku moja ya jasho la wanyama na ya mtu ambaye hakuwa huru.

Wengine katika mazungumzo hayo nitawapitia haraka, ingawa kila mmoja angetosha kwa hotuba nzima. Mshona viatu, *sceowyrhta*, hashoni viatu peke yake: anatengeneza hatamu, matandiko ya farasi, mifuko, vibuyu vya ngozi. Mvuvi anaulizwa kwa nini hawindi nyangumi, anajibu kwamba afadhali avue samaki ambaye yeye anaweza kumwua kuliko yule anayeweza kumzamisha yeye na wenzake kwa pigo moja. Mfanyabiashara, *mangere*, anavuka bahari na kurudi na hariri, vito, viungo, divai, mafuta, pembe za ndovu, shaba na kioo, na anakiri waziwazi kwamba anauza ghali kuliko alivyonunua ili alishe mke na watoto wake. Neno lake hilo, ambalo leo ni *monger*, limeharibika sana katika Kiingereza cha leo. Limebaki safi kwa muuza samaki na muuza vyuma, lakini kwingine limeachiwa wachochezi wa vita na wa hofu.

Halafu unakuja ubishi, na kwangu mimi hapa ndipo kiini chake. Mwalimu anamwuliza mshauri mwenye hekima: kati ya kazi hizi zote ipi ni ya kwanza? Anajibu kwamba ya kwanza ni kumtumikia Mungu, na katika kazi za dunia ya kwanza ni kilimo, kwa sababu mlimaji ndiye anayetulisha sote. Mhunzi hakubali. Anauliza: mlimaji anapata wapi chuma cha plau, au ncha ya mchokoo, kama si kwangu? Mvuvi anapata wapi ndoana, mshona viatu anapata wapi sindano yake ya kutobolea ngozi? Mshauri anamjibu kwa ukali: wewe unatupa nini katika kiwanda chako ila cheche za moto, kelele za nyundo na mivumo ya mivukuto? Seremala naye anaingia, anauliza ni nani kati yenu asiyehitaji nyumba na vyombo. Mwishowe mshauri anawapatanisha na kuwaambia kila mtu aifanye kazi yake kwa bidii, na kwamba ni aibu kubwa mtu kukataa kuwa kile alicho.

Nimeyasoma mazungumzo haya mara nyingi, na mshauri huyu sijawahi kumkubali. Anasema mlimaji ndiye wa kwanza kwa sababu anatulisha. Sawa. Lakini huyo wa kwanza ni yule aliyetuambia hivi punde kwamba haachwi alale hata siku ya baridi kali kwa kumwogopa bwana wake. Amepewa sifa, hakupewa uhuru. Na kumwambia mtumwa kwamba ni aibu kukataa kuwa kile alicho ni kumfunga mara ya pili. Heshima ya kazi na heshima ya mfanyakazi ni vitu viwili, na jamii inaweza kuimba cha kwanza karne nzima huku inakinyima cha pili.

Neno lililotumika humo kwa kila moja ya kazi hizi ni *cræft*. Leo katika Kiingereza neno hilo ni la kazi za mikono, vikapu na mapambo, na mtu akiitwa kwa kivumishi chake ameambiwa ni mjanja asiyeaminika. Zamani halikuwa hivyo. Maana yake ya kwanza ilikuwa nguvu. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu na Kiingereza, bado wanalitumia kwa nguvu mpaka leo. Waingereza wa kale wakalitumia kwa nguvu ya mwili, kwa ustadi wa mkono, na kwa wema wa tabia, bila kuona mpaka kati yake. Ustadi wa kufua chuma na tabia ya kusema kweli vilikaa chini ya neno moja, kwa sababu vyote viwili hupatikana kwa kurudiarudia hadi vikawa sehemu ya mtu.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko katika tafsiri inayohusishwa na mfalme Alfred, aliyefariki mwaka 899. Alfred alitaka vitabu vya Kilatini ambavyo watu wote wanapaswa kuvijua viwe katika lugha yao, na kimojawapo kilikuwa cha Boethius, Mrumi aliyeandika akiwa gerezani akingoja kuuawa. Boethius anauliza: iko wapi leo mifupa ya Fabricius? Alikuwa shujaa wa Roma ya kale. Mfasiri akajua kwamba Mwingereza wa kawaida hamjui Fabricius. Akaona pia kwamba katika Kilatini jina hilo linakaribiana na neno la fundi. Basi akaandika: iko wapi leo mifupa ya Weland, yule mhunzi wa dhahabu mwenye hekima? Kisha akaongeza la kwake, ambalo Boethius hakuliandika: nimemwita mwenye hekima kwa sababu mtu mwenye *cræft* hawezi kuipoteza kamwe, wala hawezi kunyang'anywa, kama vile jua lisivyoweza kuondolewa mahali pake.

Wafasiri mliomo humu, tazameni ushujaa huo. Mfasiri ametoa jemadari wa Roma akaweka fundi.

Na Weland alikuwa nani? Kila mtoto wa siku zile alimjua. Katika hekaya za watu wa kaskazini alikuwa mhunzi hodari kuliko wote, akakamatwa na mfalme aliyetaka kazi ya mikono yake iwe ya kwake peke yake. Mfalme akamkata mishipa ya miguu asitoroke. Weland akalipiza kisasi cha kutisha, akawaua wana wa mfalme na kugeuza mafuvu yao kuwa vikombe, kisha akaruka akaenda zake. Kuna kisanduku cha mfupa wa nyangumi, kilichochongwa katika karne ya 8, sasa kiko katika Makumbusho ya Uingereza. Upande wa mbele amechongwa Weland akiwa karakanani, na upande huohuo, bega kwa bega naye, wamechongwa Mamajusi wakimletea mtoto Yesu zawadi. Mchongaji hakuona tatizo.

Hekaya hiyo haikutoka hewani. Katika sheria za mfalme Ine wa Wessex, aliyetawala kati ya mwaka 688 na 726, imeandikwa kwamba mtu mkubwa akihama makazi anaruhusiwa kwenda na msimamizi wake, mhunzi wake na yaya wa watoto wake. Mhunzi anahamishwa pamoja na mizigo ya bwana. Hakuna kazi iliyosifiwa kuliko yake, na sheria inamtaja kama kitu cha kubebwa.

Wanormani walipokuja, kazi ziligawana lugha. Waliobaki kijijini walibaki na majina ya Kiingereza: mlimaji, mchungaji, mhunzi, msagaji, mwokaji, mvuvi, mfumaji. Waliowahudumia mabwana wapya mijini na katika majumba yao mara nyingi walichukua majina ya Kifaransa: fundi cherehani, mchinjaji, mwashi, mpaka rangi, kinyozi. Hii haikuwa sheria yenye kunyooka, lakini ukiweka orodha mbili pamoja utaona nani alikuwa karibu na meza ya mkubwa na nani alikuwa karibu na matope.

Sasa nimrudie Walker, kama nilivyoahidi. Kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji kina mapengo, kina mafuta ya kondoo, hakizuii upepo wala mvua. Lazima kioshwe na kubanwa hadi nyuzi zishikane na kitambaa kinywee. Kazi hiyo ilifanywa kwa miguu. Mtu alisimama ndani ya hori lenye maji, udongo maalumu unaofyonza mafuta, na mkojo uliochacha uliokusanywa nyumba kwa nyumba, akakanyaga kitambaa kwa saa nyingi. Mkojo uliochacha una amonia, na amonia ndiyo inayokata mafuta. Kisha kitambaa kilitundikwa kwenye fremu kikiwa kimenyoshwa kwa kulabu pande zote, kikauke bila kusinyaa.

Mtu huyu wa kukanyaga aliitwa majina matatu. Kaskazini aliitwa Walker, mtembeaji, kwa sababu ndivyo alivyoonekana: anatembea mahali pamoja mchana kutwa. Kusini magharibi, Devon na Somerset, aliitwa Tucker, kutokana na kitenzi cha kale cha kutesa na kusumbua, kwani kitambaa kiliteswa kweli. Kusini mashariki aliitwa Fuller, neno ambalo asili yake ni Kilatini. Ukipanga majina ya ukoo kwenye ramani, mpaka wa lahaja tatu za karne ya 13 unajitokeza wenyewe. Wataalamu wa lahaja wa Kiswahili, mnaojua thamani ya kutofautisha Kiamu na Kimvita na Kiunguja, nadhani mtaelewa kwa nini jambo hili linanifurahisha.

Katika karne ya 12 mashine iliingia. Gurudumu la maji liliinua nyundo za mbao na kuziangusha juu ya kitambaa, na kumbukumbu za mashamba ya Watemplari, chama cha watawa wapiganaji, za mwaka 1185 zinataja vinu vya aina hiyo. Miguu ikapumzika. Jina la mtembeaji likabaki, na leo mamilioni wanaitwa watembeaji bila kujua babu yao alitembea kwenda wapi. Hakwenda popote.

Nimebakiwa na wanawake, na nimewaacha kwa makusudi ili niwape muda wote uliosalia.

Kiingereza cha Kale kilikuwa na viambishi viwili vya mtenda kazi, kwa jumla kimoja cha mwanamume na kimoja cha mwanamke. Mwanamume mwokaji ni *bæcere*, mwanamke ni *bæcestre*. Mwanamume mfumaji ni *webba*, mwanamke ni *webbestre*. Kutoka kwa hao wanawake yakatoka majina ya ukoo Baxter na Webster, na Brewster kwa mpika pombe. Baadaye, hasa kaskazini, kiambishi kile kikatumika kwa wanaume pia, maana yake ya kike ikafifia. Noah Webster, mwanamume wa Connecticut aliyewatolea Wamarekani kamusi kubwa mwaka 1828, alikuwa na jina la mwanamke mfumaji. Na mshonaji wa kike, ambaye tayari neno lake *seamestre* lilimtaja mwanamke, aliongezewa kiambishi kingine cha kike kutoka Kifaransa, kwa kuwa watu walishasahau kwamba cha kwanza kilikuwa kinasema hivyohivyo.

Hata maneno ya heshima yalipita jikoni. Bwana mkubwa, yule anayeitwa Lord, neno lake la kale ni *hlafweard*, mlinzi wa mkate. Mkewe, Lady, ni *hlæfdige*, na maana yake ni mkanda unga. Mtumishi wa nyumba aliitwa mla mkate. Nyumba nzima ilipangwa kuzunguka mkate: mmoja anaukanda, mmoja anaulinda, wengine wanaula. Ajabu ni kwamba aliyetajwa kwa kazi halisi ya mikono ni mwanamke, na baadaye neno lake likapanda hadi likawa la mwanamke asiyegusa unga kabisa.

Pombe inafundisha zaidi. Uingereza ya Enzi za Kati ilikunywa pombe ya kimea cha shayiri, nzito, isiyo na hopsi, yale maua machungu yanayotiwa katika bia. Kama mbege ya Kilimanjaro, haikukaa: baada ya siku chache ilichacha. Kwa hiyo haikuweza kusafirishwa mbali wala kulimbikizwa, na kila mtaa ulihitaji mpikaji wake. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, na waliifanya nyumbani kati ya kazi nyingine. Pombe ikiiva, mpikaji alisimamisha mti mlangoni, na mwonjaji aliyeteuliwa alikuja kuipima. Sheria ya karne ya 13 juu ya bei ya mkate na pombe ilimtoza faini aliyekosea kipimo au bei, na kwa vitendo karibu kila aliyepika alitozwa, ikawa kama ada ya leseni. Kutokana na faini hizo, kumbukumbu za mahakama za vijijini zimejaa majina ya wanawake wapika pombe, mwaka baada ya mwaka, wanawake ambao pasingekuwa na kosa lao la kipimo tusingewajua kamwe.

Kisha, karibu na mwaka 1400, bia ya hopsi ikaingia kutoka ng'ambo, kutoka Uholanzi na jirani zake. Hopsi huhifadhi. Bia ikaweza kukaa wiki nyingi, kusafiri, kupewa askari vitani. Ikahitaji mapipa makubwa, masufuria makubwa, mikopo, vibarua. Mwanamke wa kijijini hakuwa na mtaji huo, na mke hakuweza kwa urahisi kufunga mkataba kwa jina lake. Kazi ikahamia kwa wanaume na vyama vyao. Hakuna aliyewafukuza wanawake kwa fimbo. Mtaji ulitosha kuwaondoa, na ninaposikia leo mipango ya kuziboresha kazi za kina mama kwa mashine kubwa huwa nauliza kwanza mashine itaandikwa kwa jina la nani.

Neno la mwisho ni la msokota nyuzi. Kabla ya kinu cha kusokotea, kila uzi wa kila shuka na kila tanga la meli ulisokotwa kwa vidole. Msokotaji alishika kijiti chenye sufu kwapani, akavuta nyuzi kidogo kidogo, akazungusha kijiti kingine chenye uzito chini. Mfumaji mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa ili asikae bila kazi. Wanawake walisokota wakitembea, wakichunga, wakinyonyesha, na aliyesokota kwa malipo mara nyingi alikuwa yule asiye na mume wa kumlisha. Aliitwa *spinster*. Karani wa mahakama alipotaka kueleza mwanamke ni nani, aliandika kazi yake, na kufikia karne ya 17 kazi hiyo ikawa ndiyo istilahi ya kisheria ya mwanamke ambaye hajaolewa, hata kama hajawahi kushika sufu. Baadaye ikawa dhihaka, jina la mwanamke aliyepitwa na umri. Ustadi uliowavisha watu wa nchi nzima ukageuzwa kuwa tusi.

Katika vitabu vya ndoa vya Uingereza na Welsi bibi harusi aliendelea kuandikwa hivyo hadi mwaka 2005, ndipo serikali ilipoliondoa na kuweka neno la kawaida la mtu asiye katika ndoa. Mimi nilifurahi dhihaka ilipoondoka. Lakini wakati huohuo mwanamke wa mwisho mwenye kijiti kwapani alitoka katika karatasi za serikali, baada ya kukaa humo karne nyingi.

Wanafunzi mtakaotaka kuendelea, anzeni na mazungumzo ya Ælfric. Ni mafupi, yametafsiriwa kwa Kiingereza cha leo, na mchana mmoja unatosha kuyamaliza. Msomeeni mlimaji kwa sauti, darasani, mmoja aulize na mwingine ajibu, kama walivyofanya wale wavulana. Nashukuru kwa kunisikiliza. Maswali nayakaribisha.